Waliokuwa Karibu: Tafakari ya Historia juu ya Watoto wa Uwanda wa Ruzizi

Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, watu wa Mutarule waliuawa, na baadhi yao walikuwa katika sala. Mutarule ni kijiji cha uwanda wa Ruzizi, katika teritware ya Uvira, upande wa Luberizi, mahali ambapo wakulima wa mihogo, mahindi na mpunga huishi jirani na wachungaji wa ng'ombe. Usiku ule ndugu zetu Waprotestanti walikuwa wamekusanyika nje kwa ibada. Watu wenye silaha waliwavamia. Wengine walifuatwa hadi nyumbani kwao na katika kituo cha afya. Waliuawa kwa risasi, kwa visu na kwa moto. Waliokufa hawakupungua 30, wengi wao Wafuliiru, na kati yao walikuwamo watoto.

Shirika la Human Rights Watch lilipochunguza mauaji hayo liliandika jambo ambalo hatuwezi kulipita haraka. Askari wa jeshi la taifa na walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa kilometa chache tu kutoka kijijini. Habari ya shambulio iliwafikia wakati shambulio lilipokuwa likiendelea. Hawakufika kuwaokoa watu.

Hatuanzi na usiku huo ili kufukua kidonda, wala ili kabila moja linyoshewe kidole na jingine. Tunaanza nao kwa sababu unatulazimisha kuuliza swali moja: hatari inapomkaribia mtoto, nani humlinda? Wengi wetu tungejibu upesi kwamba sheria humlinda, au serikali humlinda. Jibu hilo lina ukweli. Lakini mwezi ule wa Juni 2014 mtoto wa Mutarule alikuwa tayari na sheria nyingi nyuma yake. Alikuwa na Katiba ya mwaka 2006. Alikuwa na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto. Alikuwa na Mkataba wa Haki za Mtoto ambao nchi yetu iliuridhia tangu mwaka 1990. Maandishi hayo yote yalikuwapo, na waliokuwa karibu naye hawakuja.

Kwa hiyo tunawaalika tuifuate historia ya sheria hizo, tuone zilizaliwa na nini, zimeweza nini, na zinasubiri nini kutoka kwetu, hata sisi tulio bado katika benchi za shule.

Sheria zilizozaliwa na machozi

Haki za mtoto hazikuandikwa na watu waliokaa raha wakitafuta maneno mazuri. Ziliandikwa baada ya vita. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha mwaka 1918, watoto wa nchi zilizoshindwa, hasa Austria na Ujerumani, walikuwa wakifa kwa njaa. Mwanamke mmoja Mwingereza, Eglantyne Jebb, alisimama London mwaka 1919 akigawa karatasi zenye picha za watoto hao. Walikuwa watoto wa adui, na wenzake wengi hawakutaka kusikia habari zao. Alikamatwa, akapelekwa mahakamani, akatozwa faini. Mwaka huohuo alianzisha shirika la Save the Children, na baadaye akaandika tamko fupi lenye mambo matano juu ya yale ambayo wanadamu wanadaiwa na mtoto. Shirikisho la Mataifa lililikubali tamko hilo mjini Geneva mwaka 1924. Lilisema kwamba deni hilo halitazami rangi, wala taifa, wala dini.

Na sisi tulikuwa wapi mwaka 1924? Nchi yetu ilikuwa chini ya utawala wa Ubelgiji. Wakati Geneva wakisema kwamba mtoto yeyote asibaguliwe, huku kwetu baba wa mtoto aliweza kulazwa chini mbele ya watoto wake na kuchapwa fimbo ya ngozi ya kiboko kwa amri ya mtawala. Adhabu hiyo ilidumu hadi uhuru ulipokaribia. Tunakumbuka jambo hili kwa sababu fimbo haikuondoka pamoja na Wabelgiji. Iliingia katika nyumba zetu na madarasa yetu, na wengi wetu tulikua tukiamini kwamba bila fimbo hakuna malezi.

Tarehe 20 Novemba 1959 Umoja wa Mataifa ulitoa Tamko la Haki za Mtoto. Tarehe hiyohiyo mwaka 1989 ukapitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Tofauti kati ya hayo mawili ni kubwa. Tamko hushauri, mkataba hufunga. Nchi inayouridhia mkataba inakubali kuulizwa habari ya watoto wake. Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, iliuridhia tarehe 27 Septemba 1990. Mwezi Julai wa mwaka huohuo viongozi wa Afrika walikuwa wamepitisha mjini Addis Ababa Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Mkataba huu wa Afrika una jambo lake la pekee: katika kifungu cha 31 unataja pia wajibu wa mtoto, kwamba kwa kadiri ya umri na uwezo wake naye anapaswa kuwaheshimu wakubwa, kuitumikia jamii yake, na kuishi na wenzake kwa moyo wa kuvumiliana na kuzungumza. Wazee wetu wangeelewa maneno hayo bila kufafanuliwa. Mtoto hulindwa, naye hujifunza kulinda.

Kadogo

Hata hivyo, uwanda wetu una historia yake ya kuwatumia watoto.

Mwezi Aprili 1964 uasi ulilipuka katika uwanda wa Ruzizi, na katikati ya mwezi Mei mji wa Uvira ukaangukia mikononi mwa waasi. Katika safu za Simba walikuwamo vijana wengi sana, wengine bado watoto, walioambiwa kwamba dawa na maji vitageuza risasi ziwe matone. Novemba ya mwaka huohuo, huko Baraka na Fizi, wamisionari watatu Waksaveri, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na Padre Albert Joubert, mzalendo wa nchi hii, waliuawa. Tarehe 18 Agosti 2024 tuliwashangilia hapa Uvira walipotangazwa wenyeheri. Ni vema tunapowaomba watuombee tuwakumbuke pia watoto wa mwaka ule waliopewa silaha na watu wazima, ambao hakuna aliyewauliza kama walitaka.

Miaka 32 ikapita. Mwezi Oktoba 1996 vita vilianza tena katika milima na uwanda wetu. Hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani mwao. Muungano wa AFDL, ambao hati ya kuundwa kwake inatajwa kwa jina la Lemera hiyohiyo, ukaanza safari ya kwenda Kinshasa. Njiani uliwachukua watoto. Wengine walitoka shuleni na daftari zao, wengine walivutwa na viatu na bunduki, wengine walikuwa wamekwisha kupoteza wazazi. Katika Kiswahili chetu mama humwita mtoto wake mdogo "kadogo" kwa upendo. Jina hilo la nyumbani likawa jina la askari mtoto. Tarehe 17 Mei 1997 kadogo waliingia Kinshasa kwa miguu, wengine wakiburuta bunduki, na watu wakawapigia makofi barabarani.

Tunapaswa kujiuliza juu ya makofi yale. Watoto wale hawakufichwa. Kila mtu aliwaona: wazazi, walimu, viongozi wa dini, waandishi wa habari. Nchi nzima iliwatazama wakipita.

Ilichukua muda kabla ya sheria kuwafikia. Mwezi Juni 2000 serikali ilitoa amri ya kuwaondoa jeshini wale walioitwa watu wadhaifu, wakiwamo watoto. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, nayo ilihusu watoto wa Kongo: Thomas Lubanga alipatikana na hatia ya kuwaandikisha na kuwatumia vitani, huko Ituri, watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Alihukumiwa kifungo cha miaka 14. Oktoba ya mwaka huohuo serikali yetu na Umoja wa Mataifa walitia sahihi mpango wa kuwaondoa watoto katika jeshi la taifa, na mwaka 2017 jeshi hilo liliondolewa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya wanaoandikisha watoto. Makundi mengine yenye silaha yamebaki, na vita havijaliacha eneo letu. Lakini jambo moja limethibitika: sheria inapopata watu wa kuifuatilia bila kuchoka, inaweza kubadilisha kitu ambacho wengi walikiona kuwa cha kawaida.

Sheria ya mwaka 2009 inasema nini

Vijana wengi wamesikia kwamba iko sheria ya mtoto, lakini ni wachache wanaojua yaliyomo. Tutaje machache.

Kwa sheria hiyo, mtoto ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Haisemi mpaka atakapoota ndevu, wala mpaka atakapopata mchumba. Inakataza uchumba na ndoa ya mtoto. Inakataza kumwandikisha mtoto katika jeshi, katika polisi au katika kundi lolote lenye silaha, na anayefanya hivyo anaweza kufungwa miaka 10 hadi 20. Inamtambua mtoto aliyetupwa, aliyekimbia makwao, au anayesingiziwa uchawi kuwa mtoto aliye katika hali ngumu, anayestahili ulinzi wa pekee. Tena, kumshitaki mtoto kwa uchawi ni kosa la kufungwa, hata kama anayesema hivyo anajiita mtumishi wa Mungu. Imeanzisha mahakama ya watoto, ili kesi ya mtoto isiendeshwe kama ya mtu mzima.

Na katika kifungu cha 57, inapozungumza juu ya ulinzi dhidi ya ukatili, sheria inaingia hadi ndani ya nyumba na ya darasa: nidhamu katika familia na shuleni itolewe kwa namna ambayo mtoto anatendewa kwa utu. Haisemi kwamba mtoto asirudiwe. Inasema kwamba anaporudiwa abaki kuwa mtu.

Sheria nyingine mbili za tarehe 20 Julai 2006 zinahusu ukatili wa kingono. Hapa kwetu msichana akiharibiwa, mara nyingi wazee wa pande mbili hukaa, mbuzi wakahesabiwa, pesa zikatolewa, kisha ikasemwa kwamba neno limekwisha. Mbele ya sheria halijakwisha. Malipo hayafuti kosa la namna hiyo. Na msichana mwenyewe, je, aliulizwa?

Nyusiku mbili

Turudi sasa kwenye waliokuwa karibu. Tukiitaja Mutarule peke yake tungekuwa tumesema nusu ya ukweli, kwa maana uwanda huu umelia kwa lugha zote.

Miaka kumi kabla ya Mutarule, tarehe 13 Agosti 2004, ng'ambo tu ya mpaka, katika kambi ya wakimbizi ya Gatumba nchini Burundi, watu zaidi ya 150 waliuawa usiku. Wengi wao walikuwa Banyamulenge waliokimbia kutoka upande wetu, wakiwamo watoto wengi. Kundi la FNL la Burundi lilitangaza kwamba ndilo lililofanya. Hapo pia palikuwa na askari karibu, katika kambi zao wenyewe. Hapo pia hawakuja.

Mtoto wa Kifuliiru aliyekufa Mutarule na mtoto wa Kinyamulenge aliyekufa Gatumba hawakujuana. Wangeweza kukaa benchi moja, wakagawana muwa wa Kiliba wakitoka shule. Katika kila jamii tunasikia majina ya waliouawa upande mmoja yakisomwa kwa machozi, na ya upande mwingine yakinyamaziwa. Kijana Mkristo anaombwa kitu kigumu zaidi: aombolezee wote wawili, na asikubali msiba wa mmoja utumike kuhalalisha msiba wa mwingine.

Yanayoanzia darasani

Huenda mtu akauliza: mauaji ya Mutarule yana uhusiano gani na uonevu wa shuleni? Tuwe waangalifu. Hatusemi kwamba mwanafunzi anayemcheka mwenzake ndiye atakayechoma kijiji. Mauaji ya uwanda wetu yana mizizi katika ugomvi wa ardhi, wa ng'ombe na wa usultani, katika silaha zilizozagaa, na katika dola iliyoshindwa kazi yake. Lakini mambo mawili hujifunzwa mapema, na shule ni mahali pa kujifunzia.

La kwanza ni neno. Kabla mtu hajaonwa kuwa anastahili kufa, huwa amekwisha kuitwa nyoka, au mgeni, au mtu asiye na nchi. Neno hilo mtoto halizaliwi nalo. Hulisikia nyumbani, hulijaribu kwenye uwanja wa shule, na akiona kwamba wenzake wanacheka na mwalimu amenyamaza, anajua kwamba limekubaliwa.

La pili ni kutazama. Mtoto mmoja akionewa, kwa kawaida anayemwonea ni mmoja au wawili. Wanaotazama ni darasa zima. Anayezoea kutazama akiwa na miaka kumi hujifunza kwamba maumivu ya jirani si kazi yake.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Nchini Norway, mwishoni mwa mwaka 1982, wavulana watatu walijiua, na ikaonekana kwamba walikuwa wameonewa sana na wenzao shuleni. Nchi ilishtuka. Mwaka 1983 kampeni ya taifa ilianzishwa, na mtafiti Dan Olweus akaitumia nafasi hiyo kuandaa mpango wa shule nzima. Yeye alieleza uonevu kwa alama tatu: ni kumuumiza mtu kwa makusudi, ni jambo linalorudiwarudiwa, na ni la mwenye nguvu dhidi ya asiyeweza kujitetea kwa urahisi. Katika shule za Bergen alizozifuatilia, uonevu ulipungua kwa karibu nusu. Hakutumia polisi wala viboko. Alitumia kanuni chache zilizo wazi, watu wazima waliokuwapo uwanjani wakati wa mapumziko, mazungumzo ya darasa kila juma, na wanafunzi waliofundishwa kwamba kumsaidia anayeonewa ni wajibu wao. Baadaye Finland ilijenga mpango wake juu ya jambo hilohilo: kuwabadilisha watazamaji.

Mwaka 2019 UNESCO ilitangaza kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alikuwa ameonewa na wenzake katika mwezi uliotangulia kuulizwa. Basi tusidhani kwamba ni aibu ya Kongo tu. Lakini huku kwetu uonevu una sura zake. Yuko mtoto aliyerudi kutoka ukimbizini Burundi au Tanzania, anachekwa kwa matamshi yake. Yuko aliyefika jana akikimbia vita, anakaa chini kwa sababu benchi limejaa, na wenzake wanaficha kalamu wakimwona. Yuko aliyetoka katika kundi lenye silaha, naye anataka kujifunza kusoma kati ya watoto wadogo kuliko yeye, wakati wote wanamwita kwa jina la msitu. Yuko msichana anayengojewa njiani na wavulana wakubwa, na siku akiacha shule tunasema kwamba ni mvivu. Yuko anayeitwa mchawi kwa sababu mama yake amekufa. Tangu elimu ya msingi katika shule za serikali ilipoanza kutolewa bure mwezi Septemba 2019, kama Katiba ilivyokuwa imeagiza katika kifungu cha 43, madarasa yamejaa zaidi, na mwalimu mmoja hawezi kuona kila kitu. Anayeona ni mwanafunzi aliyeketi jirani.

Nyumba yetu wenyewe

Hatuwezi kuwahubiria wengine tukaificha nyumba yetu. Shule nyingi za uwanda huu na za kando ya ziwa ni shule za Kikatoliki, zinazosimamiwa kwa mkataba ambao Serikali na Kanisa walitia sahihi tarehe 26 Februari 1977. Mtoto anayedhalilishwa ndani ya shule hizo anadhalilishwa chini ya msalaba uliotundikwa ukutani. Mwalimu anayempiga mtoto hadi damu, au anayemdai msichana mwili wake ili apate alama, hawezi kujificha nyuma ya jina la mtakatifu lililoandikwa langoni.

Kanisa lote limejifunza jambo hili kwa aibu kubwa. Katika nchi nyingi watoto waliumizwa na watumishi wa Kanisa, na waliojua walinyamaza ili kulinda jina jema. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria iitwayo Vos estis lux mundi, inayowalazimu mapadre na watawa kutoa taarifa wanapojua au wanapokuwa na sababu ya kuamini kwamba mtoto ametendewa ukatili huo, na inayokataza mtoa taarifa asilipiziwe kisasi. Kiini chake ni kilekile tulichokiona Mutarule: aliyekuwa karibu, aliyejua, hana ruhusa ya kukaa kimya. Kumlinda mtoto ndiko kulinda jina la Kanisa.

Tunaujua mfano wa Msamaria. Waliompita mtu yule aliyejeruhiwa hawakuwa wanyang'anyi. Walikuwa watu wa heshima, nao walimwona.

Tunaweza kufanya nini

Hatuwaombi ninyi vijana mzuie majeshi. Tunawaomba jambo lililo ndani ya uwezo wenu, na ambalo si dogo.

Mwone mwenzako anapoonewa, na usicheke. Kicheko ndicho mshahara wa mwonevu, akikikosa nguvu yake hupungua. Nenda ukae karibu na yule aliyeonewa, hata baada ya jambo kwisha, maana upweke wake ndio unaomwumiza zaidi. Ukiweza kusema "acha" bila kujihatarisha, sema. Usipoweza, nenda ukamwambie mtu mzima unayemwamini: mwalimu, prefe, mama, katekista, padre. Wa kwanza asipokusikia, mwambie wa pili. Kutoa taarifa ili mtoto apone si usaliti wala si umbea.

Jambo likiwa zito, kama kupigwa hadi kuumia, kubakwa, kuandikishwa katika kundi, au kuozeshwa kwa nguvu, lisiishie barazani. Liko jambo la daktari, ambalo halingoji hata siku moja, hasa msichana anapokuwa amebakwa. Iko ofisi ya mambo ya jamii. Kiko kikosi cha polisi cha kulinda watoto. Iko mahakama ya watoto. Mtu mzima wa parokia amsindikize mtoto, asimwache aende peke yake.

Na vikundi vyetu vya vijana vinaweza kufanya moja zaidi: kila kikundi kiende shuleni kwake, kiombe ruhusa ya mkuu wa shule, kisaidie kuandika kanuni tano au sita za darasa dhidi ya uonevu, kwa Kiswahili kinachoeleweka, zibandikwe ukutani. Kati yake isikosekane hii: hapa hakuna anayeitwa kwa tusi la kabila lake. Sheria namba 09/001 iko mbali, imeandikwa kwa Kifaransa, na wengi hawataisoma kamwe. Karatasi iliyobandikwa ukutani, ambayo wanafunzi wenyewe wameiandika, inaweza kuwa ndiyo namna sheria ile inavyofika hadi Mutarule.

Ndugu vijana, katika njia hii ndefu, kuanzia London hadi Uvira, kila sheria ilitanguliwa na mtu aliyekataa kupita njia yake: mwanamke aliyegawa karatasi za watoto wa adui, mzazi aliyekwenda kumdai mtoto wake kambini, mwalimu aliyekataa kutoa orodha ya wanafunzi wake. Wafu wa Mutarule hatuwezi kuwarudishia usiku ule. Watoto waliobaki wamekwisha kuwa vijana kama ninyi, na wadogo zao wako darasani leo. Wanajua ni nani aliye karibu nao. Ni sisi.

Tujiulize katika kikundi

Je, katika shule yetu au mtaa wetu yuko mtoto ambaye sote tunajua kwamba anaonewa, na hakuna aliyesema neno? Tumtaje mioyoni mwetu, kisha tuamue nani atamwendea juma hili.

Ni tusi gani juu ya kabila lingine tulilolisikia nyumbani, na tunalirudia bila kufikiri? Tutaliachaje?

Mtoto akitaka kutoa taarifa katika parokia yetu, je, anajua amwendee nani? Kama hajui, tufanye nini ili ajue kabla ya Jumapili ijayo?